Nasriya Aomba Msaada wa Masomo

Nasriya binti Thani alikaa Matrah, Oman, nyuma ya soko, katika nyumba ya mumewe. Kila asubuhi alikanda unga na kuchemsha maziwa ya chai. Mumewe, Aflah, alikunywa chai na kwenda kazini. Alikuwa karani wa forodha.

Saa mbili wasichana wa mtaani walikuja. Mama mkwe wake, Bi Shaikha, aliwasomesha Kurani. Bi Shaikha akimaliza, Nasriya aliwafundisha kusoma na kuhesabu. Ilikuwa mwaka 1970, mwezi wa Agosti. Serikali ilikuwa bado haijafungua skuli ya wasichana pale Matrah. Kwa hiyo wazazi waliwaleta watoto wao kwa Bi Shaikha.

Watu wachache walijua kwamba Nasriya ana digrii. Aliipata Makerere, Uganda, mwaka 1963. Alisomea elimu ya viumbe, na alitaka kuendelea. Mwaka uliofuata yakatokea mapinduzi Unguja. Familia yao iliondoka na kuja Maskati na masanduku mawili tu. Nasriya akaolewa, akamzaa binti yake Kheiria. Cheti chake alikiweka ndani ya kasha, chini ya nguo. Miaka sita hakukitoa.

Mwezi ule wa Agosti jirani mpya alihamia nyumba ya mbele. Jina lake Bi Muhsina. Yeye pia alikuwa mtu wa Unguja. Alikuwa amefanya kazi Kuwait miaka mitano, katika ofisi inayopeleka wanafunzi nje. Mwezi uliotangulia Oman ilipata sultani mpya, na serikali yake ilikuwa ikitafuta watu wenye ujuzi, naye akaja Maskati.

Siku moja Bi Muhsina aliingia kuwaamkia. Alimkuta Nasriya amemsimamisha mtoto mmoja wa darasa lake mlangoni, penye mwanga. Alikuwa akimtazama ndani ya ukope.

"Unatafuta nini, mwanangu?" aliuliza Bi Muhsina.

"Vikope," alijibu Nasriya. "Ugonjwa huu umewashika wengi hapa. Ukiachwa, mtu hupofuka."

Akachukua daftari, akaandika jina la mtoto na tarehe. Akaandika pia maji ya kwao yanatoka kisima gani, na kama mtoto ana kitambaa chake mwenyewe cha kufutia uso.

"Tangu lini unaandika haya?"

"Tangu mwaka sitini na sita. Ni mazoea tu."

"Nani alikufundisha?"

Nasriya alimweleza habari ya Makerere. Bi Muhsina aliweka kikombe chini. Alitoka bila kuaga, akarudi na karatasi ya tangazo.

"Soma hii," alisema.

Tangazo lilitoka kwa chama cha wanawake waliosoma vyuo vikuu, chenye wanachama katika nchi nyingi. Kila mwaka chama hicho kiliwasaidia wanawake wachache wenye digrii waliotaka kusoma zaidi. Safari hii kiliwatafuta wanawake ambao masomo yao yalikatika kwa sababu ya vita, uhamisho au ulezi. Kila mmoja angesoma mwaka mmoja Beirut.

Nasriya aliisoma mara mbili, kisha akairudisha.

"Hii si yangu, Bi Muhsina. Nna miaka thelathini. Nna mume na mtoto."

"Tangazo limesema wanamtaka kijana?"

"Halikusema."

"Limesema wanamtaka asiyeolewa?"

"Halikusema."

"Basi mbona wewe unaongeza masharti ambayo wenyewe hawakuyaweka? Unguja tukiita skolashipu. Hapa wanasema minha. Ni msaada, si mkopo. Lakini huletewi mlangoni, lazima uombe. Na uombe kama walivyoagiza, kabla ya siku waliyoitaja. Siku ya mwisho ni tarehe thelathini na moja Oktoba. Maombi yawe yameshafika siku hiyo, si yako njiani."

Magharibi ilipopita Nasriya alimweleza mumewe. Aflah alihesabu miezi kwa vidole.

"Mwaka mmoja ni mrefu," alisema. "Lakini uombe. Mimi sitakuzuia."

Bi Shaikha alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Na Kheiria?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu.

Aflah alimtakia mkewe heri. Lakini aliamini kwamba jambo kubwa kama hili halipatikani kwa karatasi tu. Linapatikana kwa mtu anayejuana na watu. Katika baraza yao alikuwapo bwana mmoja, Bakhit, aliyejuana na wengi.

"Nipe cheti chake," alisema Bakhit. "Nitampelekea mtu wangu Dubai. Yeye anajua mlango wa kupitia."

Aflah alikwenda nyumbani, akafungua kasha, akakitoa cheti. Hakumwambia mkewe. Alitaka kumletea habari njema kwanza.

Wiki tatu zikapita. Siku hizo Nasriya alikuwa akiandika barua yake ya maombi. Alipofungua kasha ili anakili tarehe iliyomo katika cheti, hakukiona. Akatoa nguo zote, akazikung'uta moja moja. Aflah aliporudi alimkuta amekaa chini, nguo zimemzunguka.

"Cheti changu hakipo," alisema Nasriya.

Aflah alivua kilemba taratibu. "Kipo kwa Bakhit," alisema.

"Kwa Bakhit? Kimefika vipi kwa Bakhit?"

Aflah alimweleza. Nasriya hakupiga kelele. Alisema, "Kimbia ukakichukue."

Aflah alikwenda usiku uleule. Bakhit hakuwa mwongo. Kweli alikipeleka Dubai. Lakini mtu wake alikuwa amehama, na karatasi aliziacha katika duka la jirani. Aflah alimtuma msafiri aulize pale dukani. Jibu lilikuja baada ya siku nne: hakuna aliyejua bahasha hiyo iko wapi.

Siku ile Nasriya hakufundisha. Alikaa chumbani na Kheiria.

"Nimetoka nacho Unguja," alimwambia mumewe jioni. "Watu waliacha dhahabu. Mimi nilishona cheti ndani ya nguo. Leo kimepotea hapa, ndani ya nyumba yangu."

"Nimekukosea," alisema Aflah. "Sina neno jingine."

"Neno jingine lipo. Njoo nami kwa Bi Muhsina."

Bi Muhsina aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Hakumlaumu mtu.

"Bwana Aflah," alisema, "cheti cha asili hapewi mtu, hata awe nani. Unapeleka nakala, nayo igongwe muhuri wa ofisi kwamba ni sawa na asili. Hilo limeshapita. Sasa nisikilizeni. Cheti ni karatasi. Digrii yenyewe iko wapi?"

Akaichukua ile karatasi ya tangazo.

"Iko katika daftari la chuo," alisema Bi Muhsina. "Makerere wanajua kwamba alisoma na kufaulu. Msajili wa chuo anaweza kuandika barua kuthibitisha, na kutoa orodha ya alama zake. Tena tangazo limesema alama zitoke chuoni moja kwa moja, zisipitie mikononi mwa mwombaji. Kwa hiyo hata kama cheti kingekuwapo, ingebidi muwaandikie Makerere."

"Leo tarehe ishirini na sita Septemba," alisema Nasriya. "Barua itachelewa."

"Pelekeni telegramu. Barua ifuate. Andika jina lako kama walivyokuandika chuoni, na mwaka uliomaliza. Usiandike jina la mumeo, hawatakupata."

Asubuhi Aflah aliomba ruhusa kazini. Alikwenda Maskati, akapeleka telegramu na barua. Alirudi na risiti zote mbili, akampa mkewe mkononi.

Wakati wakingoja, Bi Muhsina aliomba kuiona barua ya maombi. Nasriya alikuwa ameandika kurasa tatu. Aliandika kwamba yeye ni mhamiaji mnyonge, amepoteza nchi na nyumba, na anaomba huruma ya mabibi wa chama.

Bi Muhsina aliisoma yote. Macho yake yalilowa. Kisha akaikunja.

"Barua hii inaliza," alisema. "Lakini nimemaliza kuisoma, na sijui unataka kusoma nini."

"Si nimesema nataka kuendelea?"

"Kuendelea na nini? Wanawake mia wataandika kwamba wameteseka, na wote watakuwa wamesema kweli. Msomaji anataka kujua kazi gani ameshaianza, ameishia wapi, na masomo yatamsaidia vipi aimalize. Shida zako ziandike kwa mistari miwili, ili wajue kwa nini ulikatiza. Hebu lete lile daftari la macho."

Nasriya aliona haya kidogo. Daftari lilikuwa na madoa ya mafuta ya taa. Walilifungua juu ya mkeka, wakahesabu pamoja. Mwaka 1966 wasichana ishirini na wawili walikuja kusoma. Kumi na wanane kati yao walikuwa na vikope. Nasriya alimpa kila mtoto kitambaa chake, akawaosha nyuso kila asubuhi, na wagonjwa akawapeleka hospitali wapate dawa. Mwaka 1969 wasichana walikuwa ishirini na wanne. Wagonjwa walikuwa tisa.

"Sasa niambie," alisema Bi Muhsina. "Hawa tisa mbona hawaponi?"

"Sijui. Wengine wanapona, kisha wanaumwa tena. Nadhani ni nzi, au maji, au mama zao wanao ugonjwa huohuo na hawatazamwi. Nadhani tu. Sina elimu ya kuthibitisha."

"Hilo usilolijua ndilo utakalokwenda kulisomea. Liandike."

Nasriya aliandika upya. Safari hii ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Aliandika kwamba anataka kusoma elimu ya afya ya jamii. Aliandika hesabu za daftari, na swali lake. Aliandika pia kwamba atarudi Oman kufanya kazi. Bi Muhsina aliipiga chapa kwa mashine yake.

Zilihitajika pia barua mbili za watu wanaoijua kazi yake. Nasriya alitaka kumwomba sheikh mmoja mwenye jina kubwa.

"Anakujua?" aliuliza Bi Muhsina.

"Anamjua baba yangu."

"Basi ataandika habari za baba yako."

Nasriya akamwendea daktari mwanamke wa hospitali ya Matrah, aliyekuwa akiwatibu wale wasichana. Daktari alikubali palepale. Barua ya pili aliiomba kwa mwalimu wake wa zamani wa Makerere, naye akampelekea telegramu.

Tarehe kumi na tatu Oktoba barua ya Makerere ilifika. Msajili alisema jina la Nasriya binti Thani limo katika daftari la mwaka 1963. Alisema alama zake zimekwisha pelekwa kwa chama, na mwalimu wake amepeleka barua yake pamoja nazo.

Kesho yake Nasriya na Aflah walikwenda posta pamoja. Bahasha ya maombi ilipelekwa kwa rejista. Nakala ya kila karatasi ilibaki nyumbani.

Wakangoja. Mwezi wa Novemba ukapita. Skuli mpya ya wasichana ilikuwa imefunguliwa, na wanafunzi wengi wa Bi Shaikha walihamia huko. Nyumba ikawa kimya asubuhi.

Tarehe kumi na nne Desemba jibu likaja. Nasriya alilifungua jikoni, mikono ina unga. Alikuwa mmoja wa wanawake watano waliochaguliwa. Chama kingelipa ada ya chuo, malazi, vitabu na nauli yake. Kisingelipa nauli wala matunzo ya mtoto. Masomo ya matayarisho yangeanza mwanzoni mwa Januari.

Aliisoma barua kwa sauti, wote wakisikia. Alipofika penye habari ya mtoto aliikunja.

"Haidhuru," alisema. "Nimejua kwamba naweza kuchaguliwa. Inatosha."

"Haitoshi," alisema Bi Shaikha.

Wote walimgeukia. Bi Shaikha alikuwa ameketi karibu na mlango.

"Mwezi wa nane niliuliza swali, hamkunijibu," alisema. "Nimelijibu mwenyewe. Mimi nimelea watano. Kheiria atakaa na mimi na baba yake. Asubuhi atakwenda skuli mpya, mchana atarudi kwangu. Wewe utamwandikia barua kila wiki. Nami kila mwezi utaniandikia umejifunza nini, kwa herufi kubwa, maana macho yangu mimi ni ya uzee."

"Mama, ni mwaka mzima."

"Mwaka nnaujua. Nimeiona mingi."

Nasriya alilia. Aflah alitoka nje, akarudi baada ya muda, akasema atamwomba mkuu wake ruhusa ya kutoka saa saba kila siku mpaka mkewe arudi.

Tarehe thelathini Desemba walimsindikiza uwanja wa ndege wa Bait al Falaj. Nasriya alivaa koti aliloazima kwa Bi Muhsina, maana Beirut kuna baridi. Kheiria hakulia mpaka ndege ilipowasha mitambo. Hapo alilia sana, na baba yake akambeba mpaka garini.

Asubuhi ya pili Bi Shaikha aliamka na maumivu ya vidole. Ikabidi Aflah amsuke binti yake kwa ajili ya skuli. Hakuwahi kusuka. Alisuka msuko mmoja ukapinda, akaufumua, akaanza tena.

"Baba, unavuta!" alisema Kheiria.

"Nnajifunza. Tulia."

Mlango uligongwa. Alikuwa Mahbuba, binti wa mtaa wa pili. Alikuwa amemaliza chuo Baghdad mwaka ule, na tangu arudi alikuwa amekaa nyumbani tu.

"Ammi Aflah, samahani. Nimesikia habari za Nasriya. Huyo bibi aliyemwelekeza anakaa wapi?"

Aflah alinyoosha mkono wenye kitana, akaonyesha nyumba ya mbele.

"Anatoka saa moja na nusu kwenda ofisini. Nenda sasa hivi, utamkuta."

Mahbuba aliivuka njia, akabisha hodi kwa Bi Muhsina.