Sikio la Kushoto

"Asante kwa maji, mwanangu," mama alisema. "Leo umeyaleta ya baridi, kama nipendavyo."

Fundi akasimama pale mlangoni na sahani ya chakula mkononi. Tangu asubuhi hakuwa amenyanyuka kwenye cherehani. Hakupeleka maji wala salamu. Lakini kikombe kilikuwa kando ya mto wa kulalia, kimeloa, na midomo ya mama iliyozoea kukauka ilikuwa na unyevu. Akajiambia ni uzee tu. Kuhusu kikombe hakujiuliza, maana mwenye hatia huwa hapendi maswali mengi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele alishonea sare za shule na magauni ya harusi. Cha nyuma, ng'ambo ya pazia, alilala mama yake, miguu imekataa, macho yanaona ukungu mtupu. Na mama alikuwa hodari wa kuita. Niletee maji! Nigeuze! Nani huyo anacheka?

"Fundi, unaitwa tena," mteja mmoja alimtania. "Au tujipime wenyewe?"

Wakacheka. Fundi akaona haya, na haya ikageuka hasira. Akanunua hedifoni ndogo zisizo na waya, zile za bei ya chini zinazopangwa mezani kando ya barabara, ambazo kasha lake halifungi mpaka ulikaze kwa raba. Muziki masikioni, cherehani ikinguruma, mama akaita mpaka sauti ikamkauka.

Rahisi huvunja upishi. Hazikukaa sana, ya kushoto ikafa, haishiki chaji wala haitoi mlio. Mwingine angeitupa. Huyu wetu akapata wazo ambalo hata mimi ninayesimulia naliona aibu: akaenda kumchomekea mama sikioni.

"Mama, hii ni kama simu. Usipige kelele tena, wateja wanasikia. Ukitaka kitu nong'ona tu, nitakusikia kulekule mbele."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama. Nong'ona tu."

Nyumba ikatulia, na fundi akashona kwa raha zake.

Baada ya yale maji ya baridi zikafuata nywele. Alimkuta mama amesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, kichwa ambacho yeye hakukigusa kwa miezi. Shuka zilikuwa zimebadilishwa. Chumba kilinuka udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa kali.

"Mikono yako siku hizi laini," mama alisema. "Ila ya baridi."

Alasiri moja, akiwa anapinda gauni la bibi harusi, muziki katika sikio lake la kulia ukafifia, na ndani yake akasikia mnong'ono wa mama ukiomba kugeuzwa, kisha sauti nyingine ikajibu, "Naam mama, nakuja," na sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe, ila yenye upole ambao hajawahi kuutia katika jibu lolote, na akiwa bado ameganda na sindano kidoleni akasikia nyuma ya pazia hatua zikienda kitandani, chaga zikilia kama zinavyolia mtu akikaa, na alipolivuta pazia akamwona mama anageuka taratibu, shuka imebonyea ubavuni pake pasipo mtu, mkono wake mkongwe umeinuliwa hewani na kitu kikiupapasa, na mama anacheka.

Akaichomoa ile hedifoni, akaitupa chooni. Haikusaidia. Kesho yake mama alinong'ona na akajibiwa.

Ndipo akamwita bibi mganga, anayejua mambo ya majini. Bibi akanusa hewa ya chumba kile.

"Jini huyu hakuvamia, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu aliahidi kusikia, akaacha nafasi wazi. Huyu naye akaikalia. Aliyeahidi aseme ukweli mbele ya mgonjwa. Dawa nyingine sina."

Huko mbele, masikio yote ya wateja yalikuwa kwenye pazia. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," alisema, machozi yakimtoka. "Kile kidude kilikuwa kibovu. Nilikudanganya ili usiniite."

Mama hakushtuka.

"Nilijua, mwanangu. Tangu siku ile ya kwanza. Ukongwe si upumbavu. Nilinyamaza nisikuaibishe mbele za watu."

"Sasa ulikuwa ukinong'ona na nani?"

"Na yeyote mwenye huruma."

Fundi akaanguka magotini, akaushika ukingo wa kitanda. "Nisamehe, mama. Niite. Niite sasa hivi, nitakuitika mimi."

Mama akavuta pumzi.

"Mwanangu," aliita.

Fundi akafungua kinywa. "Naam, mama," ilisema sauti yake, kutoka upande wa pili wa kitanda, na mama akageuza uso akaelekea huko.