Fomu Chini ya Kikombe

Nasimiyu alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya misheni mjini Nakuru. Huo ulikuwa mwaka wa 1956. Aliishi na wazazi wake katika nyumba za reli. Kila asubuhi mama yake, Nabalayo, alichuma mboga nyuma ya nyumba na kwenda sokoni. Baba yake, Khisa, alienda karakana kutengeneza breki za mabehewa. Nasimiyu alienda shule na furushi la madaftari.

Alitaka kusoma zaidi. Alikuwa amepita mtihani wa Cambridge katika daraja la kwanza. Mwezi wa pili alijaza fomu ya kuomba skolashipu ya Wellard, ambayo huwapeleka vijana chuo kikuu Uingereza. Aliipeleka katika ofisi ya elimu mjini. Akangoja miezi mitano. Hakupata jibu.

Mwezi wa saba alienda kuuliza. Mama yake alimsindikiza.

Afisa hakuwaambia wakae. "Skolashipu hiyo si ya watu kama ninyi," alisema. "Wanaoipata ni watu wakubwa."

Nasimiyu aliangalia meza. Kikombe cha chai kilikuwa kimewekwa juu ya karatasi. Aliutambua mwandiko wake.

"Bwana, hiyo ni fomu yangu."

Afisa aliinua kikombe, akatazama, akakirudisha palepale.

Nabalayo alikinyoshea kikombe kidole. "Ondoa chai yako juu ya jina la mtoto wangu!"

Afisa alimwita askari. Wakatolewa nje kama wezi.

Jioni hiyo Nabalayo hakuweza kula. Alimweleza jirani yao, Bwana Obura, karani wa posta. Obura alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda nyumbani kwake akaleta kijitabu.

"Ndugu yangu aliniletea hiki kutoka Makerere," alisema. "Nasimiyu, soma hapa. Ni majina ya waliopata skolashipu hiyo zamani."

Nasimiyu akasoma polepole, ili mama yake aelewe. Daktari wa macho kutoka Gold Coast. Baba yake alikuwa mkulima wa kakao. Jaji kutoka Ceylon. Halafu akaweka kidole kwenye jina moja.

"Ni nani huyo?" mama akauliza.

"Huyu ni mwanamke, Mama. Mweusi, wa Trinidad. Alisomea hesabu. Sasa anafundisha chuo kikuu."

"Mama yake alikuwa nani?"

"Imeandikwa alikuwa dobi."

Nabalayo alipiga meza kwa kiganja. "Kumbe yule bwana alitudanganya mchana kweupe!"

"Alijua hamjasoma sheria," Obura alisema. "Sasa soma ukurasa wa mwisho."

Sheria zilisema mwombaji anaweza kuwa wa rangi yoyote, mwanamume au mwanamke. Zilisema pia kwamba anaweza kutuma fomu mwenyewe mpaka London. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe thelathini na moja Agosti.

"Mimi nimengoja ofisi bure!" Nasimiyu alisema. Machozi ya hasira yalimtoka.

"Usingoje tena," Obura alimwambia. "Andika London uombe fomu nyingine. Ukiijaza, baki na nakala. Itume kwa rejista, nasi posta tutakupa risiti yenye namba. Barua ikipotea, tutaitafuta kwa namba hiyo. Na mtu akikukatalia, mwambie aandike sababu na kutia sahihi. Anayedanganya kwa mdomo huogopa kuandika."

Nasimiyu alifanya hivyo. Katika barua ya London alieleza pia yaliyompata katika ile ofisi, bila tusi hata moja. Fomu mpya ilikuja kwa ndege. Aliirudisha siku kumi kabla ya tarehe ya mwisho.

Mwezi wa kumi na moja aliitwa Nairobi kwa usaili wa skolashipu. Wazee watano walimuuliza maswali kwa saa nzima. Krismasi ilipokaribia, barua ilifika: amekubaliwa.

Habari zilienea. Wazazi kutoka Molo na Njoro walianza kuja kwa Obura Jumamosi mchana, baada ya kazi. Aliwasomea sheria za skolashipu mbalimbali, na vijana wao wakajifunza kutuma fomu wenyewe. Mwaka uliofuata, Kipketer wa Molo na Jerop wa Njoro walipata nafasi Makerere.

Siku ya Nasimiyu kusafiri, stesheni ilijaa watu. Mpiga picha wa gazeti alikuja. Yule afisa naye alikuja, amevaa tai, akasimama kando ya Nasimiyu akitabasamu.

"Ofisi yetu inajivunia binti huyu," alimwambia mpiga picha.

Nabalayo alimwangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Wewe, Bwana, toka hapo," alisema. "Bwana Obura, njoo usimame na mtoto wetu."

Watu wote walikuwa wakitazama. Afisa akatoka.