Kiti Kidogo cha Tiyamike

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, Enifa alibisha hodi kwetu. Kwa mkono mmoja alibeba mkoba, kwa mwingine alimshika Tiyamike, binti yake wa miaka minne. Enifa ni muuguzi katika hospitali yetu hapa Zomba, Malawi. Nyumba yake na yetu zinatazamana, katikati kuna bomba la maji tu. Yeye akienda kazini, mtoto alibaki kwangu mpaka jioni.

Tiyamike alikuwa na kiti chake kidogo. Mume wangu, Laitoni, ni seremala, na alimtengenezea kwa mabaki ya mbao. Mtoto alikaa hapo akinywa uji, Laitoni akipiga randa, wakitegeana vitendawili. Mtoto akishindwa, analia. Laitoni akishindwa, ananuna. Ana miaka sitini na minane, lakini kitendawili kikimshinda, hata chakula hakishuki.

Kisha korona ikaja. Ilipita, ikarudi tena Januari ile ya mvua nyingi, na safari hii ilirudi na nguvu. Pale bombani wanawake walianza kusogeza ndoo zao wakimwona Enifa. Mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mama wa hospitali anatuletea zawadi kwenye nguo. Wakacheka. Enifa alijaza ndoo yake, akajitwika, akaenda.

Mimi sikucheka. Lakini nilifanya baya kuliko kucheka. Kesho yake alipobisha, nilifungua mlango nusu. Nikamwambia Enifa kwamba mtoto asije tena mpaka ugonjwa upite.

Enifa alinieleza taratibu. Kazini anavaa nguo nyingine. Akimaliza anaziacha hukohuko, anaoga, ndipo anavaa za nyumbani. Maneno niliyasikia, ila hofu ilikuwa imenijaa. Tiyamike alichungulia ndani, akaniuliza, "Bibi, na kiti changu kinaumwa?"

Nikafunga mlango.

Enifa alimpeleka mtoto kwa mama yake, wilayani Ntcheu. Yeye mwenyewe akahamia bweni la wauguzi. Kiti kikabaki kwetu. Siku moja, bila kuangalia, nikakikalia mimi na mwili wangu huu. Mguu ukachomoka. Laitoni alinicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akaupaka mguu gundi, akaurudisha mahali pake, akaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Akanionya nisiuguse.

Wiki hiyohiyo Mzee Sikochi akafa hospitalini. Laitoni na yeye walisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Watu walisema alikuwa akiongea vizuri tu, walipomvisha usoni kifaa cha hewa ndipo akafa. Neno hilo lilizunguka mtaa mzima, na kila aliyelipokea aliliongezea chumvi.

Tulikwenda msibani. Mvua ilinyesha, madirisha yakafungwa. Tuliimba tangu asubuhi, tumebanana sebuleni, wengi bila barakoa. Angalieni akili zetu. Enifa mmoja tulimfungia mlango. Watu sitini tulijifungia nao chumba kimoja.

Siku chache baadaye Laitoni alianza kukohoa. Nilichemsha majani ya mikaratusi, nikamfukiza chini ya blanketi. Jasho lilitoka, lakini pumzi ilizidi kuwa fupi. Siku ya sita alianza kunitegea kitendawili, akaishia katikati kwa kukosa hewa. Katika miaka arobaini na mitano ya ndoa yetu hajawahi kuacha kitendawili katikati. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Alikubali kwenda hospitali kwa sharti moja. "Kile kifaa cha Sikochi," alisema, "wasinivishe."

Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Ndugu huenda naye, akalala hapohapo. Ndiye anayemwosha, anayempikia nsima, ugali wetu, anayemgeuza kitandani. Lakini siku ile mlinzi alinizuia getini. Ndugu hawaruhusiwi kuingia. Mtu mmoja alitoka, amefunikwa utosi mpaka kidole, hata macho yalikuwa nyuma ya plastiki. Akamchukua mume wangu kwa kiti cha magurudumu. Laitoni aligeuka akanitazama kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

Nilikaa nje ya ua wa hospitali, na kapu langu la chakula. Saa nane mchana mwanamke mwenye sare ya uuguzi na barakoa alikuja upande wa pili wa waya. Alisimama mbali kidogo. Kwenye paji la uso alikuwa na alama nyekundu, kama mtu aliyefungwa kamba.

"Shikamoo, Bibi Falesi," akasema.

Alikuwa Enifa. Ndiye aliyemchukua Laitoni, nami sikumjua. Nilitamani ardhi inimeze mimi na kapu langu. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza kwa upole. Hayo tutazungumza baadaye, alisema, sasa kuna kazi.

Kulikuwa na kazi kweli. Kuna kipimo kidogo wanabana kwenye kidole, kinaonyesha hewa iliyomo kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya kinasoma tisini na tano au zaidi. Cha Laitoni kilisoma themanini na moja. Walipomvisha kifaa cha hewa, kilipanda mpaka tisini. Lakini alikivua. Wakamvisha, akakivua tena. Mara tatu.

"Bibi, sitakuficha," Enifa alisema. "Akiendelea hivi, hafiki Jumapili."

Nilimwambia aniruhusu niingie nikamsihi. Akasema haiwezekani. Nitaugua mimi, na wodi imejaa. Kisha akakaa chini kwenye nyasi, uchovu wake wote ukionekana. Akaniambia habari za mle ndani. Ukishavaa lile vazi hunywi maji wala huendi chooni kwa saa sita. Jasho linajaa kwenye mabuti. Wauguzi wawili, wagonjwa ishirini na nane, na hakuna ndugu wa kusaidia. Yeye ndiye anayetoa dawa, ndiye anayeosha, ndiye anayelisha. Na wagonjwa hawamwoni uso. Bibi mmoja alimwuliza kama yeye ni mtu au mzuka. Jana amefumba macho ya watu watatu, na wake zao walikuwa wamekaa hapahapa nilipokaa mimi.

"Dawa ninayoikosa ni nyinyi," alisema. "Mgonjwa anamsikiliza mtu wake. Mimi nikisema neno, anamsikia mzuka."

Nilifikiri. Nikamwambia kwamba Laitoni tangu zamani hatii amri, hata za mchungaji. Lakini kitendawili hawezi kukiacha. Enifa aliinua kichwa. Tukaanza kutunga, yeye upande ule wa waya, mimi upande huu. Nilimweleza habari za kiti kilichovunjika. Alicheka kwa mara ya kwanza, kisha akainuka kwenda kuvaa.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alimkuta Laitoni amekishika kifaa mkononi, midomo imekuwa ya bluu. Hakumgombeza. Aliinama karibu na sikio lake.

"Mzee, nimetumwa na Bibi Falesi. Kitendawili."

Laitoni alifumbua macho. Ilimchukua muda kupata pumzi. "Tega."

"Nimemfunga mwanangu mguu kwa kamba, si kwa kumtesa, ila asimame. Nikimfungua mapema, anaanguka."

Laitoni hata hakufikiri. "Kiti," akasema. "Mguu... wenye gundi. Falesi amekivunja... yeye."

"Kamba unaifungua lini?"

"Gundi ikikauka."

"Na nani anajua kwamba imekauka?"

"Fundi."

"Basi humu ndani fundi ni mimi," Enifa alisema. "Mapafu yako ndiyo mguu. Hiki kifaa ni kamba. Hakiponyi na hakiui. Kinakushikilia tu, mwili upate muda wa kushika, kama gundi."

Laitoni akataja jina moja tu: Sikochi.

Enifa alimjibu kwa swali. "Kiti kikiletwa kwako kimeliwa na mchwa mpaka ndani, ukakifunga kamba, kikavunjika. Utasema kamba ndiyo iliyokivunja?" Akamweleza kwamba wengi huogopa hewa ya hospitali, kwa hiyo huja wakiwa wamechelewa mno. Watu wanaona kifaa, wanaona kifo, wanaunganisha. Siku walizochelewa nyumbani hawazihesabu.

Mume wangu alikitazama kile kifaa kwa muda. Kisha akakivaa kwa mkono wake mwenyewe, akavuta kamba zake zikaze vizuri, kama anavyokaza mpira wa baiskeli.

Tangu siku hiyo, kila alasiri nilipeleka kitendawili kwenye waya, Enifa akanirudishia jibu la Laitoni na kitendawili chake kwangu. Walimlaza kifudifudi kwa saa kadhaa kila siku, mapafu yapate nafasi upande wa mgongo. Alilalamika kwamba wanamlaza kama samaki wa kukaushwa. Alipolalamika nilifurahi, maana anayelalamika ana pumzi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao walianza kutegua. Ndugu waliokuwa nje ya ua wakaanza kutuma vyao: vitendawili, salamu, hata ugomvi mdogo wa nyumbani. Wauguzi waliandika majina yao kwa kalamu kubwa kifuani, wagonjwa wajue anayewagusa ni nani. Hawakupona wote. Lakini Enifa alisema wodi iliacha kuwa kimya.

Siku ya kumi na mbili Laitoni alitoka kwa miguu yake, amekonda, shati linamning'inia. Nilikuwa getini na barakoa yangu.

Nilipofika mtaani nilikwenda moja kwa moja bombani. Nikawaambia wale wanawake ukweli wote: kwamba ugonjwa tuliuchukua msibani, kwenye chumba kilichofungwa, wala si kwenye nguo za Enifa. Kwamba hewa ya hospitali haiui, kuchelewa ndiko kunakoua. Yule wa zawadi alitazama ndoo yake. Wiki iliyofuata mume wake alipoanza kukohoa na kuhema, alimpeleka hospitali siku ya pili. Alirudi naye mzima.

Ugonjwa ulipopungua, Machi, nilimpigia simu Enifa. Nilimwambia mlango uko wazi wote, si nusu. Akasema atamfuata Tiyamike Ntcheu, na Jumatatu anaanza kazi saa moja.

Jumatatu saa kumi na mbili alibisha hodi. Tiyamike alikuwa amerefuka. Alipita kando yangu bila salamu, akaenda kwenye karakana ya Laitoni. Kiti kilikuwa mezani, bado kimefungwa ule mpira. Laitoni alikuwa hajaufungua tangu Januari.

Alimwita Enifa aingie. Alimpa ncha ya mpira mkononi.

"Fundi," akamwambia, "fungua wewe."

Enifa aliufungua, mzunguko baada ya mzunguko. Aliuminya mguu wa kiti, akautikisa. Haukucheza. Akakiweka chini, Tiyamike akakaa, akaanza kudai uji wake. Mama yake alichukua mkoba, akaenda kazini.