Maputo Yaliyofichwa

Kila siku akitoka shule, Chapchap alivua sare, akala alichowekewa, kisha akakimbilia chumbani kwa shangazi yake, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta aliyekuwa akimfundisha kazi hiyo. Chapchap ni jina la utani alilopewa nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kuosha sahani ikaosheka: aliimwagia maji tu, akaitangaza safi.

Safari hii Chapchap alikuwa anatengeneza mchezo wa mdogo wake wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi. Bosi aliungua mkono kwa maji ya moto. Jeraha lilipona, lakini vidole vikakakamaa. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alisema avikunje na kuvikunjua nusu saa kila siku, la sivyo vingebaki vimepinda. Lakini nani wa kumwamuru Bosi? Alianza kulia kabla hajaguswa. Ndipo shangazi na Chapchap wakabuni mchezo: Bosi akifinya mpira laini uliounganishwa na kompyuta, puto linapasuka kwenye kioo.

Puto likishapasuka lilipaswa kufutwa, ili lisijaze kumbukumbu ya kompyuta. Chapchap alipoandika amri ya kufuta, mchezo ulizimika. Akajaribu tena, ukazimika tena. Basi akaandika amri ya kulificha tu. Puto likatoweka machoni, mchezo ukaendelea.

“Maputo umeyafuta?” shangazi aliuliza kutoka jikoni.

“Nimeyafuta, shangazi! Hata kivuli hakijabaki.”

Siku ya kwanza, ilipofika dakika ya tisa, mchezo ulianza kujikokota, kisha ukaganda. Bosi alifinya. Akafinya kwa nguvu zaidi, machozi yakimlengalenga. Puto halikupasuka. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu aliuficha mkono ndani ya fulana.

“Sitaki. Mkono wangu umekufa.”

Mama alimbembeleza, wapi! Wiki ikapita. Mtaalamu alipovipima vidole, hakutabasamu. “Vimerudi nyuma, mama. Tukikaa hivi wiki nyingine mbili, itakuwa vigumu kuvinyoosha.”

Jioni hiyo shangazi aliitazama kompyuta. “Labda imezeeka, masikini.”

Chapchap angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. Kompyuta haina mdomo wa kujitetea. Lakini chumba cha pili alimwona Bosi amelala, mkono bado umo ndani ya fulana.

“Haijazeeka,” alisema. “Sikuyafuta. Niliyaficha, maana kila nilipofuta mchezo ulizimika.”

Shangazi hakugomba. Aliuendesha mchezo, akafungua hesabu ya vitu vilivyomo. Baada ya dakika tisa yalikuwamo maputo mia mbili na kumi, kila moja na vipande vyake ishirini. Hayakuonekana, lakini yote yalikuwa yanapaa bado, na kompyuta iliyabeba yote.

“Na kwa nini mchezo ulizimika ulipofuta?”

“Sijui. Sikuuliza.”

“Sehemu inayohesabu alama bado ilikuwa na anwani ya puto. Umeibomoa nyumba, mpeleka barua yuko njiani; atagonga mlango gani? Mwambie kwanza asiende, halafu ubomoe.”

Walikaa wakiandika upya. Kwanza alama zihesabiwe, kisha anwani iachwe, mwisho puto na vipande vyake vifutwe. Walipoujaribu, hesabu ya vitu ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Nusu saa ilipita bila mchezo kuganda.

Asubuhi Chapchap alipiga magoti mbele ya Bosi. “Mkono wako haujafa. Mimi ndiye niliyeuharibu mchezo, nikasema uongo.”

Bosi alifikiri. “Kwa hiyo mbovu ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Sema tena.”

“Mbovu ni mimi, Bosi.”

Mkono ukatoka ndani ya fulana, polepole. Bosi akaushika mpira, akakunja uso, akafinya. Puto likapasuka. Alifinya mpaka nusu saa ikatimia, na mama akageukia dirishani akijifuta macho.

Shangazi alimshika Chapchap bega. “Kukosea si dhambi, mwanangu, hata mimi huwa nakosea. Lakini kosa ulilolificha halikwenda popote. Lilibaki humo ndani, likawa zito, na uzito wake aliubeba mtoto wa miaka sita, akidhani ni wake. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa, tukusaidie.”

“Ndiyo, shangazi,” alisema Chapchap, na mara hii hakuharakisha kuondoka.