Sauti Nyuma ya Liz

Simu ya Mellen Bonareri iligeuka Mchina siku ya Ijumaa, na darasa lake lilikuwa lianze Jumatatu. Alibonyeza mahali asipopajua, na ghafla kila kitu kikawa vijiti na vibanda vya herufi. Alikuwa Migori mjini, katikati ya soko, mkono mmoja umebeba vitabu vya watoto, mwingine simu isiyosomeka. Sketi yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama yenyewe.

Fundi wa kwanza alimshauri anunue simu nyingine. Wa pili aliipokea kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi, akaifuta kwenye paja lake, akakitemea mate kioo ili king'ae. Ptuu! Mellen alimnyang'anya simu yake na kuondoka bila kuaga. Alikuwa mtu wa kuchefukwa upesi, na kwa hilo mimi simlaumu, maana dunia hii ina uchafu wa kutosha.

Kibanda cha tatu kilikuwa cha Nchagwa, kijana mrefu wa kutoka Kehancha. Shati jeupe la mikono mirefu. Kucha safi. Mellen aliziangalia kucha kabla ya kumwangalia uso.

"Fundi, kaa wima unisikilize. Simu yangu imekuwa Mchina."

"Ilete, Mwalimu."

"Nani amekuambia mimi ni mwalimu?"

"Umenisalimia kwa kuniambia nikae wima."

Mellen alitaka kununa, akashindwa. Nchagwa aliishika ile simu na kidole gumba kikaanza kazi: kwenye picha ya gurudumu, chini, ya nne, ya kwanza. Wala hakuwa akiangalia maandishi, alikuwa akimwangalia yeye. Haikufika dakika, Kiswahili kikarudi.

"Kumbe unajua Kichina!"

"Kichina na Kiswahili kwangu ni sawasawa tu."

Mellen alicheka sana. Akamweleza kwamba anaishi Homa Bay, na kila likizo anafundisha watoto wa gredi ya pili hadi ya nne kupitia simu: kusoma, sarufi, hesabu. Nchagwa aliuliza maswali mengi kuliko mzazi yeyote.

"Na mwanafunzi akiwa hawezi hata kuunganisha herufi, utamcheka?"

"Kumcheka mtu kwa hilo? Huo ni ushenzi."

"Basi mwandikishe mpwa wangu, Liz. Ana miaka tisa."

Hivyo ndivyo yalivyoanza, likizo ya Aprili. Kufikia Juni, Nchagwa alikuwa akija Homa Bay kila Jumapili. Walikula samaki kando ya ziwa, na mhudumu akileta karatasi ya vyakula, Nchagwa aliisukuma kwa Mellen. "Nitakula utakachokula, mrembo wangu." Mellen aliona ni mahaba hayo. Jioni Nchagwa alipiga simu, na asipopiga alituma sauti, sauti nzito ya kuchekesha, ya kubembeleza.

"Fundi, mbona huniandikii hata siku moja?"

"Mimi ni mtu wa sauti, kipenzi. Maandishi hayana joto."

Aii, maneno hayo! Mapenzi ya watu wengine yakisikilizwa kwa muda mrefu yanachefua, naomba nikiri. Lakini Mellen aliyameza yote.

Likizo ya Agosti ikafika, na darasa likawa na watoto kumi na saba. Usione ufundishaji wa mtandaoni ni kitu cha heshima. Saa tatu asubuhi Mellen aliwasha simu akaona ndani ya nyumba za watu: baba mwenye fulana iliyotoboka akichokonoa sikio, mtoto akipangusa kamasi kwenye kioo chenyewe, bibi anayetafuna muwa karibu na kipaza sauti, chwa, chwa, chwa. Hayo yote aliyavumilia. Kitu alichoshindwa kuvumilia ni wazazi wa kunong'ona. Mtoto anaulizwa saba mara nane, mama aliyejificha chini ya meza anamwambia hamsini na nne, na mtoto anasema hamsini na nne kwa ujasiri wa ajabu.

"Wazazi, nisikilizeni," Mellen alisema siku ya kwanza, uso umemkunjamana. "Mnampa mtoto jibu ili aonekane amejua, halafu anarudi shule mtupu kama alivyotoka. Kunong'oneza kunanitia kinyaa. Na mtu mzima anayejifanya kujua asichokijua ananitia kinyaa zaidi. Nikikukamata, mtoto wako ninamtoa."

Liz peke yake ndiye aliyekuwa hana picha. Mjomba alisema kamera imeharibika.

"Fundi gani huyo ana kamera mbovu?" Mellen alimtania.

"Kinyozi hajinyoi, mwalimu wangu."

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai, kulitokea jambo ambalo Mellen hakumwambia mtu ila Pauline, rafiki yake wa nyumba ya pili. Alikuwa amemwandikia Nchagwa ujumbe. Aliuandika, akaufuta, akauandika tena, kwa sababu maneno yenyewe mdomo ulikuwa unayaonea haya. Akautuma. Baada ya saa nzima Nchagwa alimjibu kwa dole gumba na kile kiuso kinachocheka hadi machozi.

"Dole gumba!" Mellen alimlilia Pauline. "Nimemfungulia moyo, ananionyesha dole gumba!"

"Yawa! Huyo hana adabu," Pauline akasema. "Muulize."

"Kumuuliza? Nijidhalilishe mara mbili?"

Hakuuliza. Jioni Nchagwa alipiga simu akiwa mchangamfu vilevile, kana kwamba hakuna lililoandikwa. Mellen alimjibu, lakini lile dole gumba hakulisahau.

Sasa basi, Jumanne ya wiki ya pili. Asubuhi hiyohiyo Mellen alikuwa amekwisha kumkamata mama mmoja chini ya meza, na damu ilikuwa bado inamchemka. Ikafika zamu ya Liz kusoma.

"Kuku wa bibi aliruka ukuta," Liz akasoma, vizuri kabisa.

Nyuma yake ikasikika sauti nyingine, nzito, ya chini. "...a-li-ru-ka u-ku-ta."

Mellen aliinamia simu. Sauti hiyo alikuwa akilala nayo sikioni.

"Liz, nani yuko hapo nyuma yako?"

Ikasikika daftari likifungwa haraka.

"Nchagwa, ni wewe?"

Nyumba zote zilikuwa zinasikiliza. Hata yule bibi aliacha kutafuna muwa.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Unamsomea mtoto?"

Angeweza kujibu. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa limekaa hapo kwenye ulimi. Lakini angelitoa vipi, mwanamume mzima, mbele ya akina mama wote hao na watoto wa gredi ya pili?

"Nisamehe," akasema.

"Unanitia kinyaa," Mellen akasema, na akamtoa Liz darasani.

Mchana huo alimwandikia: "Usinipigie. Sauti yako sitaki kuisikia. Kama una la kusema, niandikie. Ukituma sauti nitaifuta bila kuisikiliza."

Jioni sauti ikaingia. Akaifuta. Kesho yake ikaingia nyingine. Akaifuta. Zilifika nne.

"Nimemwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka aniandikie!" Mellen alimpigia Pauline kelele, akizungukazunguka chumbani. "Mstari mmoja tu! Mwanamume wa namna gani anaombwa mstari mmoja anakataa? Ni dharau. Namwona kama yule fundi wa mate na mafuta ya chipsi."

"Lakini unalia."

"Nalia kwa kuudhika!"

Siku kumi zikapita. Mellen alifundisha, akala kidogo, akaipiga pasi sketi ambayo haikuhitaji pasi. Jumamosi, alipotoka kanisani kwao Wasabato, akakuta sauti kutoka kwa namba asiyoijua. Kidogo aifute. Ilikuwa sauti ya mtoto.

"Mwalimu, ni Liz. Hii ni simu ya mama yangu, Phelesia, anauza nyanya karibu na kwa mjomba. Mimi sijakukasirikia. Mimi najua kusoma, hata mama amesema. Lakini umenitoa, sasa mjomba atasoma na nani? Hajafika mbali. Zile za mba, mbe, mbi bado zinamsumbua. Nikimfundisha anasema sifundishi kama wewe. Kwaheri, Mwalimu."

Mellen alikaa kwenye ngazi za kanisa na viatu vyake vizuri, asijali vumbi.

Madarasa yote alikuwa akiyarekodi, kwa ajili ya watoto walioishiwa na bando. Aliitafuta ile Jumanne, akaweka simu sikioni. "Kuku wa bibi aliruka ukuta," akasema Liz. Halafu, baadaye, yule mwingine: "...a-li-ru-ka u-ku-ta." Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Mtoto alikuwa amekwisha kusoma, na mtu mzima alikuwa akimfuata polepole kwa nyuma. Hakuna aliyenong'onezwa chochote.

Yakamjia yote kwa pamoja. Karatasi ya vyakula iliyosukumwa. Kamera mbovu ya fundi wa simu, iliyoficha wanafunzi wawili wa daftari moja. Kichina na Kiswahili kwangu ni sawasawa. Miaka sita alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kusoma, na mtu aliyekula naye samaki kila Jumapili hakumwona! Kinyaa kilichompata hapo kilikuwa cha kweli, na safari hii kilikuwa chake mwenyewe. Alitamani ajiteme.

Jumatatu, darasa lilipoisha, alikwenda Migori.

Nchagwa alikuwa kibandani na lile shati jeupe, ila safari hii halikuwa limepigwa pasi. Mbele yake kulikuwa na daftari la mistari mipana na penseli fupi. Alipomwona Mellen, alilifunika daftari kwa mkono, haraka, kama mwanafunzi.

"Usilifunike," Mellen akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Siku ya kwanza ya darasa nilikusikia kwa masikio yangu. Mtu mzima anayejifanya kujua asichokijua, ulisema anakutia kinyaa."

Maneno yalikuwa yake, na yalinuka.

"Baba alinitoa darasa la pili," Nchagwa akaendelea, macho kwenye daftari. "Tumbaku ikiwa tanurini lazima mtu akae na moto, usiku na mchana. Nilikuwa mimi. Msimu ukiisha narudi shule, wenzangu wako mbele, nawekwa na wadogo. Mara ya tatu nikaona aibu, sikurudi. Simu nimezijua kwa picha na mahali. Lakini barua ya mchumba huwezi kumpa mtoto akusomee, Mellen. Nilijaribu simu yenyewe inisomee, ikaongea Kiswahili kama mtalii, sikuelewa kitu. Ule ujumbe wako wa Julai, nilifikiri umenitumia kichekesho."

"Kichekesho!"

"Kulikuwa na kapicha ka ua mwishoni."

Mellen alicheka na machozi yakamtoka hapohapo, jambo lisilopendeza kumtazama mtu akilifanya, lakini lilimpata.

"Na ule niliouandika nikikufukuza?"

"Huo sijaufikia. Nilianza na wa Julai. Karibu wiki mbili sasa, niko mstari wa mwisho."

"Nisomee."

"Hapa?"

"Hapa. Kaa wima."

Nchagwa aliutoa ule ujumbe. Liz alikuwa ametokea kwenye nyanya za mama yake, akasimama pembeni na kukunja mikono. Nchagwa aliweka kidole juu ya kioo, kidole kisafi.

"Ncha-gwa wa-ngu," akasoma. "Ma-ma a-me-ni-u-li-za we-we ni na-ni kwa-ngu."

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mteja alifika na simu iliyopasuka kioo, akaona sura zao, akarudi alikotoka. Mellen alikuwa ameuma mdomo. Kila neno alilijua, na kila neno alilisubiri.

"Si-ku-ju-a ni-m-ji-bu ni-ni. Ka-ma u-na-ni-pe-nda, njo-o nyu-mba-ni na wa-ze-e wa-ko u-ji-ta..."

Akakwama. Akarudi nyuma. "U-ji-ta..." Akapangusa jasho. Mara ya tatu, akakwama palepale, akafunga macho, na Mellen akaona kwamba anataka kuiweka simu chini, kama alivyoliacha darasa la pili.

Mellen akainama hadi midomo yake ikakaribia sikio la Nchagwa.

"Mbu," akamnong'onezea.

"Mwalimu amenong'oneza!" Liz akapiga kelele hadi soko likageuka. "Mama! Mwalimu amemnong'onezea mjomba!"

Mellen hakukana. Nchagwa hakusikia kelele hizo.

"...mbu-li-she," akamalizia. "Ujitambulishe." Akaanza upya, peke yake, bila kidole. "Njoo nyumbani na wazee wako ujitambulishe." Uso ukambadilika. "Hii uliniandikia Julai?"

"Julai."

"Na mimi nikakujibu nini?"

"Dole gumba. Na kiuso kinachocheka."

"Ptuu!" akasema Nchagwa. "Mellen, najitia kinyaa mwenyewe."

"Basi tuko wawili. Nijibu sasa."

Akafungua mdomo, halafu akaufunga. Alichukua penseli, akalivuta daftari, akainamia karatasi. Ilimchukua muda mrefu, na safari hii Mellen hakusema kitu. Alipomaliza, alimgeuzia daftari. Kulikuwa na neno moja, kubwa, limekandamizwa hadi likatokea upande wa pili: Nitakuja.