Kila Swali Loth Alijibu "Naweza"

Kila asubuhi Raheli alifunga mlango wa chumba, kisha akamvisha mumewe shati. Alifunga kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho. Halafu alipiga magoti, akamfunga kamba za viatu. Walifanya hivyo kimyakimya. Upande wa pili wa ukuta alilala mama mkwe, Bibi Namkunda. Loth hakutaka mama yake ajue kwamba mwanawe, baba wa watoto watatu, anavishwa kama mtoto.

Kwa macho, mkono wa kulia wa Loth ulikuwa mzima. Vidole vyote vilikuwepo. Kidonda kilikuwa kimepona. Lakini vidole havikushika kitu, na ngozi haikusikia joto wala baridi.

Loth alikuwa mpakiaji wa mawe ya jasi katika machimbo ya huko tambarare, chini ya milima. Siku moja jiwe liliteleza kutoka juu ya lori. Likamponda bega na mkono. Alilazwa muda mrefu. Mwajiri alitoa taarifa kwenye mfuko wa serikali unaowalipa fidia watu wanaoumia kazini, na matibabu yakalipwa. Kisha Loth akaomba malipo ya ulemavu wa kudumu. Akapangiwa siku ya kupimwa mjini.

Siku hiyo Raheli alipiga pasi shati jeupe la kanisani. Akang'arisha viatu.

"Watu wasiseme tumeshuka kutoka kijijini Mamba tukiwa wachafu," alisema.

Loth aliingia kwa daktari peke yake. Raheli alimngoja kwenye benchi. Hakukaa sana, mumewe akatoka.

"Amesemaje?"

"Ameniuliza maswali, nimemjibu."

"Umemjibuje?"

"Vizuri tu. Twende, gari litatuacha."

Baadaye barua ilikuja. Ombi la Loth lilikuwa limekataliwa. Barua ilisema kwamba, kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe, anafanya shughuli zake zote za kila siku bila msaada. Msimamizi wa machimbo alipata habari hiyo, akapiga simu.

"Loth, kumbe umepona! Mwanzo wa mwezi uje upakie mawe. Kama huji, nitaweka mtu mwingine."

"Nitakuja, bosi," Loth alijibu.

Raheli aliacha kumenya ndizi. "Utapakia kwa mkono upi, Baba Irine?"

"Huu huu. Serikali imesema mzima."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mwanamume. Siwezi kukaa jikoni nikihesabu kuku."

Siku mbili baadaye Raheli alikuwa akipika makande. Loth aliinama karibu na jiko kumwambia neno mtoto wao mdogo. Akaegemeza mkono wa kulia kwenye ukingo wa sufuria. Aliendelea kuongea. Alicheka hata. Raheli akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Akatazama kwanza chini ya sufuria. Kisha akaona mkono.

"Loth! Toa mkono!"

Loth aliutazama mkono wake kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Raheli alimvuta nje, akaumwagia mkono maji baridi kwa muda mrefu. Loth hakusema "aa!" hata mara moja.

Hapo ndipo Raheli alipoogopa. Mtu asiyesikia moto atasikiaje jiwe linaloteleza? Mwanzo wa mwezi ulikuwa karibu.

Kesho yake alikwenda ofisi ya kata bila kumwambia mumewe. Akamkuta Honorata, afisa ustawi wa jamii. Honorata alikuwa Mchaga wa Marangu, mwenye sauti kubwa. Ofisi yake ilikuwa na kiti kimoja cha wageni, na kiti hicho hakikukaa wazi.

"Barua umekuja nayo?" aliuliza.

Raheli alimpa. Honorata aliisoma yote, mbele na nyuma.

"Umesoma mpaka mwisho?"

"Tulipoona neno 'limekataliwa' tuliikunja."

"Wengi hufanya hivyo. Tazama hapa chini. Inasema kama hukuridhika, unaweza kukata rufaa. Inasema upeleke wapi, na mwisho ni lini. Siku bado zipo, lakini si nyingi. Ukizipitisha, hata mimi sitakuwa na la kukusaidia."

"Dada, sisi ni watu wadogo. Tukapambane na serikali?"

"Rufaa si mapambano. Unawaambia: mlichokiona hakikuwa chote, naomba mtazame tena. Ni haki yako, na ni bure. Akija kishoka akakwambia atakusaidia ukimpa chochote, mfukuze. Sasa niambie. Siku ya kupimwa mumeo alivaa nini?"

"Shati jeupe. Nililipiga pasi mwenyewe."

"La vifungo?"

"Ndiyo."

"Nani alivifunga?"

Raheli alitazama mikono yake. Machozi yalimlenga. Alikuwa amemtengeneza mumewe vizuri mno, hata daktari hakuona ugonjwa.

"Usilie hapa, watu wanasubiri nje," Honorata alisema, lakini alimpa kitambaa. "Kesho nitakuja kwenu. Mwenye mkono ni yeye. Lazima anisikie yeye."

Kesho yake Honorata alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba. Loth alikuwa barazani na mama yake. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Bwana Loth, habari za mkono?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

"Hivyo ndivyo ulivyomwambia daktari?"

Loth alimtazama mkewe kwa hasira. Raheli alitazama miguu yake mwenyewe.

"Alikuuliza kama unaweza kula mwenyewe. Ukajibu?"

"Naweza."

"Kuoga?"

"Naweza."

"Kuvaa?"

"Naweza! Ulitaka nimwambie nini? Mtu mzima umeulizwa na mgeni kama unaweza kuvaa suruali, utasema huwezi?"

Honorata akacheka. "Ajabu! Kwetu Marangu tunasema Mpare atauza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Leo nimekutana na Mpare anayekimbia kesi yake mwenyewe!"

"Na ninyi Wachaga," Bibi Namkunda alidakia, "mkisikia kuna malipo mnafika kabla ya mwenye haki."

Walicheka wote, hata Loth kidogo. Kisha Bibi Namkunda akasogeza kigoda.

"Basi iwe hivi. Safari hii tumfunge bandeji mpaka shingoni. Achechemee. Akifika mlangoni agumie."

"Mkono ndio mbovu, bibi. Achechemee kwa nini?"

"Aonekane mgonjwa."

"Hapana. Kuongeza ni uongo, kama alivyodanganya alipopunguza. Madaktari wanajua mguu mzima. Wakikamata uongo mmoja, hata yaliyo kweli hawatayaamini. Aseme lilivyo. Anachoweza aseme anaweza. Asichoweza aseme hawezi. Akiulizwa kuhusu kula na kuvaa, ataje na mtu anayemsaidia." Akamgeukia Loth. "Shati hilo umelifunga mwenyewe?"

 Loth alimtazama mama yake, akatazama mgomba wa jirani, akatazama chini.

"Ukuta huo niliukandika kwa mikono yangu," Bibi Namkunda alisema taratibu. "Najua unavyopitisha sauti. Kila asubuhi namsikia mkeo akikwambia, 'Inua kidevu.' Nilinyamaza kwa sababu ulitaka ninyamaze."

Loth alitoa mkono mfukoni. Akauweka gotini, wazi, na malengelenge yake.

"Tuandike," alisema.

Waliandika siku hiyohiyo. Loth alisema, Raheli akaandika, Honorata akarekebisha. Hawakuandika lawama. Hawakumtukana daktari. Waliandika kazi aliyokuwa akifanya Loth, ajali ilivyotokea, na mambo ambayo mkono hauwezi tena. Waliambatisha nakala za vyeti vya hospitali. Honorata alimtuma Loth kwanza zahanati, kidonda cha moto kitibiwe na kiandikwe. Eliezeri, mpakiaji mwenzake, aliandika alivyoona siku Loth alipojaribu kushika koleo baada ya ajali, likamtoka mkononi. Walipopeleka rufaa, waligongewa mhuri kwenye nakala yao.

"Nakala hii usimpe mtu ikapotea," Honorata alionya. "Toa nyingine, umpelekee mwajiri. Mwambie kwa maandishi kwamba umekata rufaa, na kwamba huwezi kupakia mawe. Muombe kazi nyepesi wakati unasubiri."

Msimamizi aliisoma nakala, akakuna kichwa. Akasema atamngoja Loth mpaka jibu litoke, lakini hana kazi nyepesi.

Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko kuandika. Simu ikilia, Raheli aliangusha jembe. Usiku alijiuliza. Je, wakikataa tena? Loth atashuka machimboni. Alimjua mumewe. Kanisani aliomba maneno machache tu: "Asirudi kwenye mawe." Jirani mmoja alimtania kwamba siku hizi anaomba kama mtu anayedaiwa bili. Raheli hakucheka.

Hatimaye Loth aliitwa kupimwa upya, mbele ya madaktari wengine. Asubuhi hiyo alivaa fulana. Safari hii Raheli aliomba kuingia naye, wakamruhusu.

Daktari mkubwa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani. Alisoma karatasi, kisha akainua macho.

"Bwana Loth, mkono unaendeleaje?"

Raheli aliona midomo ya mumewe ikijiandaa kwa neno lilelile. Ilitoka "N", ikakwama. Feni iliendelea kuzunguka. Raheli alitaka kumjibia. Akakumbatia mkoba wake.

"Daktari," Loth alisema, "mara ya kwanza nilisema mzuri. Niliona aibu. Mkono huu hauwezi kushika koleo. Hauwezi kushika kijiko. Mke wangu ananivisha na kunifunga viatu. Niliungua jikoni, sikujua."

"Na unachoweza?"

"Natembea vizuri. Ndoo naibeba kwa kushoto. Mgongo hauna shida. Sitaki kuongeza."

Daktari aliandika. "Sasa fumba macho. Nitakugusa. Kila ukisikia, sema 'ndiyo'."

Loth alifumba macho, akakaa wima kama mwanafunzi. Daktari alichukua pini yenye ncha. Akamgusa mkono wa kushoto.

"Ndiyo."

Akamgusa begani upande wa kulia.

"Ndiyo... kidogo."

Kisha akashuka. Akamchoma kidogo kwenye kiwiko. Akamchoma kiganjani. Akamchoma ncha ya kidole kimoja, na cha pili, na cha tatu.  Raheli alijiziba mdomo kwa kanga.

Loth alingoja sana. Mwishowe akasema kwa adabu, macho bado kayafumba:

"Daktari, anza tu. Mimi niko tayari."

Daktari aliweka pini mezani.  Alivua miwani akaifuta.

"Nimemaliza, baba," alisema. "Fumbua macho."

Jibu lilikuja wakati watu wa Mamba walipokuwa wakichimba tangawizi. Safari hii Raheli na Loth waliisoma barua mpaka mstari wa mwisho, kisha wakairudia. Rufaa ilikubaliwa. Loth alitambuliwa kuwa na ulemavu wa kudumu, na angelipwa kila mwezi. Fedha hazikufikia mshahara wake wa zamani. Lakini zilitosha sare za watoto, chumvi na sabuni, na Loth hakuwa na sababu ya kurudi chini ya malori. Raheli alikaa kwenye ngazi ya mlango. 

"Mbona unalia na tumeshinda?" Loth aliuliza.

"Niache. Nimechoka kuogopa."

Wiki hiyo kikundi cha wakulima kilikusanya tangawizi kwa mnunuzi kutoka Hedaru. Magunia yalijaa uwanjani. Fanueli, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa akigawa kazi kwa kelele.

"Loth! Wewe na Eliezeri, pakieni magunia kwenye gari!"

Raheli alikuwa pembeni akiosha tangawizi. Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Magunia siwezi," Loth alijibu mbele ya watu wote. "Mkono huu umekufa. Nipe mizani, hiyo nitaisoma."

Fanueli alimtazama kidogo, kisha akamsukumia mizani.

"Haya, shika. Mnunuzi kaja na tabia yake ya kuiba kilo. Sasa kakutana na Mpare aliyeishinda barua ya serikali!"

Watu walicheka. Mnunuzi naye alicheka, lakini si sana. Loth alisogeza jiwe la mizani kwa mkono wa kushoto, akainama, akasoma kwa sauti. Gunia la kwanza likapita. Raheli akarudi kuosha tangawizi.