Ujumbe Uliochumisha Maparachichi

Tangu alfajiri Anyosisye alikuwa chumbani kwake mtaani Bulyaga, chai imepoa, macho kwenye kompyuta. Alikuwa anawaandikia programu wakulima wa kijijini kwao, Kisondela. Siku hizi kila mnunuzi wa maparachichi huja na gari lake, kwa siku yake. Programu ingewajulisha siku ya gari: inaipelekea kampuni ya ujumbe maneno, nayo kampuni inayafikisha kwenye simu zao.

Akabonyeza, aone kama inafanya kazi. Ikafanya. Akarekebisha kidogo, akabonyeza tena.

Saa nne mama yake, Esnath, akampigia.

"Gwe Anyosisye, gari liko wapi?"

"Gari gani, mama?"

"Si umetuandikia tuchume? Tuko barabarani na vikapu. Mzee Andongwisye kamaliza mti mzima. Anauliza ayarudishe kwa gundi?"

Anyosisye akafungua orodha ya namba. Alikuwa ameweka namba za kweli za wakulima. Gari lenyewe lilikuwa la Ijumaa, na tunda likishachumwa halisubiri.

"Wanasema Ijumaa ukikosea tena, programu yako basi," mama akamalizia.

Hakuweza kutulia. Akatoka uani, akarudi ndani, akatoka tena. Jirani yake Modesta, mwalimu wa kompyuta chuoni, alikuwa anaanika nguo.

"Umezunguka mpaka nguo zangu zimeshikwa na kizunguzungu. Kuna nini?"

Anyosisye akamweleza. "Nikijaribu, watu wanachuma. Nisipojaribu, Ijumaa nitaumbuka."

"Dada yako alipofanya mazoezi ya harusi kanisani, nani alisimama mahali pa bwana harusi?"

"Kaka yetu Lazaro."

"Akaolewa naye?"

Anyosisye akacheka kidogo. "Mchungaji angetufukuza. Tena Lazaro alikuwa anaangusha pete makusudi, ili dada azoee."

"Basi programu yako nayo itafutie Lazaro." Modesta akaketi kizingitini. "Andika programu ndogo, ikae humu humu kwenye kompyuta yako, ijibu vile vile inavyojibu kampuni. Ile yako ibadilishie anwani tu, izungumze na Lazaro huyu. Akipokea ujumbe, haupeleki popote. Anajibu, basi."

"Anajibu vizuri siku zote?"

"Hapana, aangushe pete. Mfundishe kukataa. Mfundishe kuchelewa, na kunyamaza kabisa. Kampuni huwezi kuiomba ikunyamazie makusudi."

Anyosisye akaandika. Lazaro wa kompyuta alipokubali ujumbe, mambo yalikwenda sawa. Aliponyamaza, programu ikaandika: Ujumbe umefika.

Kwa kosa hilo, mkulima angebaki nyumbani na gari likampita. Akairekebisha: bila jibu, isiseme umefika. Ijaribu tena, na ikishindwa imwambie yeye. Kisha akayapanga majaribio yote yajiendeshe yenyewe kila anapoigusa programu. Hakuna simu ya mtu iliyolia.

"Sasa rudisha anwani ya kampuni, utume ujumbe mmoja wa kweli kwenye simu yako mwenyewe," Modesta akamwambia. "Lazaro si bwana harusi. Kampuni ikibadilisha majibu yake, yeye hajui."

Ujumbe ukafika. Alhamisi jioni akabonyeza kwa ajili ya gari la Ijumaa. Mvua ilikuwa inanyesha, mtandao unakatika na kurudi. Majibu yakaingia moja moja. Kisha kompyuta ikamwambia: Andongwisye hajafikiwa.

Akampigia, akampigia tena, mpaka akampata.

"Safari hii ni gari," mzee akauliza, "au unatufanyisha mazoezi?"

"Ni gari, tata, mzee wangu. Asubuhi. Uchume."

"Haya. Lakini gundi naiweka karibu."

Asubuhi Anyosisye alichemsha chai, akakaa na simu mapajani. Ilipolia, alisikia kwanza muungurumo wa injini, ndipo sauti ya mama.

"Wanapakia. Mzee Andongwisye yuko juu ya gari, anawapangia watu vikapu kama vile gari ni lake." Kisha mama akamshukuru polepole, "Ndaga, mwanangu."

Anyosisye akachukua kikombe. Chai ilikuwa bado ya moto.